PKU: Yanayompata mtoto masharti ya lishe yanapolegezwa

KUTOKA Nyeri hadi Karatina, Nanyuki, Embu na Meru, afya ya mtoto hupimwa kwa sahani. Mtoto aliyemaliza githeri yake, akanywa kikombe cha maziwa na bado akaitazama sufuria, humfurahisha mama na kumridhisha nyanya. Maeneo haya ya Mlima Kenya ni ya ng'ombe wa maziwa, mahindi, maharagwe na kuku wa kienyeji, na kwa miaka mingi wahudumu wa afya wamewahimiza wazazi wawape watoto vyakula hivyo ili miili yao ijengeke. Ushauri huo ni sahihi kwa karibu kila mtoto. Wapo wachache sana, hata hivyo, ambao chakula hicho hicho huwadhuru ubongo polepole, bila homa, bila maumivu na bila dalili ambayo jirani angeweza kuiona kwa siku moja.

Hao ni watoto waliozaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria, unaofahamika zaidi kwa kifupisho PKU. Ni ugonjwa wa kurithi ambao tiba yake kuu, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, imekuwa chakula: mtoto hupewa protini ya kawaida kidogo mno na kuongezewa maziwa maalumu yanayotengenezwa viwandani. Akianzishiwa tiba hiyo katika siku za kwanza za maisha yake, hukua na akili timamu na kwenda shule kama wenzake. Swali lililowasumbua madaktari kwa zaidi ya nusu karne ni jingine. Je, mtoto huyo akishafikisha umri wa kwenda shule, masharti hayo yanaweza kulegezwa? Jibu limebadilika mara kadhaa, na wapo watoto waliolipia kila kosa lililofanywa kabla halijabadilika.

Mwili usioweza kuitumia protini

Protini ya chakula, iwe ya nyama, maziwa au maharagwe, husagwa tumboni na kuvunjwa kuwa chembe ndogo ziitwazo asidi amino. Mojawapo ni fenilalanini. Mwili hauwezi kukua bila kiasi fulani cha fenilalanini, ila kile kinachozidi hugeuzwa na ini kuwa asidi amino nyingine, tirosini, kwa msaada wa kimeng'enya maalumu. Mwenye PKU ana hitilafu katika jeni inayoelekeza utengenezaji wa kimeng'enya hicho, jeni iliyoko katika kromosomu ya 12. Kwa hivyo fenilalanini hurundikana katika damu. Kwa mtu asiye na ugonjwa huu, kiwango chake huwa chini ya mikromoli 120 kwa lita moja ya damu. Kwa mgonjwa wa PKU kali ambaye hajatibiwa, hupita 1,200.

Ubongo ndio unaoumia. Asidi amino kadhaa huingia ubongoni kupitia mlango mmoja, na fenilalanini inapokuwa nyingi huwazuia wenzake kuingia, mithili ya abiria wanaosukumana kwenye mlango wa matatu jioni. Miongoni mwa zinazobaki nje ni tirosini, ambayo ubongo huihitaji ili kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mtu kuwa makini, kupanga na kujizuia. Aidha, fenilalanini nyingi huvuruga ule utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva na kuharakisha mawasiliano kati ya sehemu mbalimbali za ubongo.

Ili mtoto apate PKU, ni lazima arithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe, wakiwa na nakala moja tu kila mmoja, huwa wazima kabisa, na mara nyingi hawajui kwamba wanaibeba. Katika kila mimba yao kuna uwezekano wa mtoto mmoja kati ya wanne kuzaliwa na ugonjwa. Hapana kosa la mama hapo, wala la chakula alichokula akiwa mjamzito.

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka wa 2020 ulikadiria kwamba, kwa wastani wa dunia, mtoto mmoja kati ya takriban 24,000 huzaliwa na PKU. Barani Ulaya ni kama mmoja kati ya 10,000, na katika nchi kama Uturuki na Ireland idadi huwa kubwa zaidi. Kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara ugonjwa huu ni nadra kuliko hivyo. Nadra, hata hivyo, si sawa na haupo, na nchi isiyopima haiwezi kuhesabu.

Dalili zinazofanana na utapiamlo

Kenya haina mpango wa kitaifa wa kumpima kila mtoto mchanga ugonjwa wa PKU. Mtoto anayezaliwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, katika hospitali ya Consolata pale Mathari au ile ya Tumutumu karibu na Karatina hupewa chanjo na kupimwa uzani, kisha mama hurudi nyumbani na kijitabu chake cha kliniki. Mtoto mwenye PKU anapozaliwa hana tofauti yoyote na mwingine. Dalili hujitokeza baada ya miezi: huchelewa kukaa, huchelewa kutamka, hupata ukurutu wa ngozi na pengine kifafa, na mkojo wake huwa na harufu ya uvundo, kama ya chumba kilichofungiwa panya.

Kuna dalili moja ambayo katika Afrika yaweza kumpotosha hata mhudumu mzoefu. Kwa kuwa tirosini ndiyo malighafi ya rangi ya mwili, mtoto wa PKU asiyetibiwa huwa na nywele na ngozi iliyopauka. Nywele zilizopauka na ngozi yenye vidonda ni mambo ambayo kila muuguzi wa kliniki ya watoto amefundishwa kuyahusisha na kwashakoo, ukosefu wa protini. Dawa ya kwashakoo ni maziwa, mayai na maharagwe. Kwa mtoto wa PKU, dawa hiyo ni kuongeza mzigo juu ya mzigo.

Sheila wa Birmingham

PKU iligunduliwa mwaka wa 1934 nchini Norway na daktari Asbjørn Følling. Mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili wenye ulemavu wa akili alikataa kukubali kwamba hakuna sababu inayoweza kupatikana, naye Følling akaupima mkojo wao kwa kemikali iliyougeuza rangi ya kijani bila kutarajiwa. Ilichukua karibu miaka 20 zaidi kupata tiba. Msukumo ulitoka tena kwa mama. Katika hospitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, mama wa msichana aitwaye Sheila Jones alimwandama daktari Horst Bickel na wenzake mpaka wakakubali kumtengenezea mwanawe chakula kilichoondolewa fenilalanini.

Sheila alikuwa na umri wa miaka miwili hivi, hawezi kusimama, analia mfululizo na kugongesha kichwa. Baada ya miezi kadhaa ya chakula kipya alijifunza kutambaa, kusimama na kupanda viti. Nywele zake zikakolea rangi na kilio kikakoma. Ndipo madaktari walipofanya jambo ambalo leo lisingeruhusiwa: bila kumwambia mama, waliongeza fenilalanini katika chakula cha mtoto ili wajue kama nafuu ile ilitokana na lishe kweli. Katika muda wa saa chache mama aliona mabadiliko. Kilio kilirudi, kichwa kikaanza tena kugongwa, na baada ya siku kadhaa mtoto hakuweza tena kusimama. Jaribio lilirudiwa hospitalini, safari hii mama akifahamu, na matokeo yalikuwa yale yale. Taarifa yao ilichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka wa 1953.

Kwa hiyo, ushahidi wa kwanza kabisa kwamba lishe hutibu PKU ulikuwa pia ushahidi wa kwanza wa kinachotokea lishe inapolegezwa. Ajabu ni kwamba somo hilo la pili lilichukua miongo mingi kukubalika.

Kwa Sheila tiba ilikuja ikiwa imechelewa, kwani ubongo ulikuwa umeshaumia. Mwafaka ulipatikana Marekani, ambako Robert Guthrie, aliyekuwa na mtoto mwenye ulemavu wa akili na mpwa mwenye PKU, alibuni njia ya kupima ugonjwa huu kwa matone ya damu yaliyotolewa kisiginoni na kukaushwa juu ya karatasi. Njia hiyo ilichapishwa mwaka wa 1963, na katika miaka iliyofuata mataifa mengi tajiri yakaanza kumpima kila mtoto mchanga. Watoto walianza kutibiwa kabla ya kuumia.

Umri wa kuacha lishe

Madaktari wa miaka ya 1960 waliamini kwamba ubongo ukishafikia ukubwa wake wa karibu utu uzima, yaani kwenye miaka mitano au sita, hauwezi tena kudhuriwa na fenilalanini. Zaidi ya hapo, lishe yenyewe ilikuwa adhabu: maziwa maalumu yalikuwa na ladha na harufu mbaya, na mtoto alitengwa na meza ya wenzake. Hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziliwaruhusu watoto kurudi kwenye chakula cha kawaida walipoanza shule. Familia zilisherehekea, na huo ulikuwa uamuzi uliochukuliwa kwa nia njema.

Matokeo hayakuonekana mara moja, na hapo ndipo penye hila ya ugonjwa huu. Mtoto wa miaka sita anayeanza kula mkate na nyama hazirai wala hasahau kuzungumza. Ila alipopimwa akili baada ya miaka miwili au mitatu, alama zake zilikuwa zimeshuka. Mwaka wa 1978, Isabel Smith na wenzake waliofuatilia watoto wa London na Heidelberg walieleza kwamba walioacha au kulegeza lishe walipoteza alama kadhaa katika kipimo cha akili. Nchini Marekani utafiti mkubwa ulioanza mwaka wa 1967 uliwagawa watoto waliofikisha miaka sita katika makundi mawili, wa kuendelea na wa kuacha. Kadiri ufuatiliaji ulivyosonga mbele, ilibainika kwamba umri ambao mtoto alipoteza udhibiti wa fenilalanini ulikuwa miongoni mwa viashiria vikubwa vya akili yake ya baadaye. Walioudumisha kwa muda mrefu ndio waliofanya vyema.

Umri wa kuacha ukasogezwa hadi miaka minane, kisha 10, kisha 12. Mwaka wa 1993 jopo la wataalamu wa Uingereza lilipendekeza udhibiti uendelee maishani, na mwaka wa 2000 mkutano wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani ukafikia msimamo huo huo. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka wa 2017 unataka kiwango kiwe kati ya mikromoli 120 na 360 hadi mtoto atimize miaka 12, na kisizidi 600 baada ya hapo. Wamarekani ni wakali zaidi: wanapendekeza 360 kwa umri wote.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2007 uliiweka hasara katika hesabu. Kwa watoto waliotibiwa mapema, kila mikromoli 100 zinazoongezeka katika wastani wa fenilalanini kabla ya miaka 12 ziliambatana na kupungua kwa alama 1.3 hadi 3.1 za kipimo cha akili. Alama mbili si kitu kwa mtu mmoja. Lakini mtoto aliyelegezewa lishe kabisa haongezi 100. Huongeza 600, 800 au zaidi, na kwa miaka mingi.

Anachokiona mwalimu

Kipimo cha akili chenyewe hakisemi yote. Mwaka wa 1997 mtafiti Adele Diamond na wenzake walionyesha kwamba hata watoto waliotibiwa tangu kuzaliwa, wenye viwango kati ya 360 na 600 ambavyo wakati huo vilihesabiwa kuwa salama, walikuwa na udhaifu katika kukumbuka jambo huku wakifanya jingine na katika kujizuia wasijibu haraka. Hizo ndizo kazi za sehemu ya mbele ya ubongo, inayotegemea sana dopamini.

Katika darasa la kawaida, mtoto wa namna hiyo huonekana mvivu. Huanza hesabu na kuiacha katikati, husahau kitabu nyumbani, hukasirika upesi na kutazama dirishani. Mwalimu asiye na habari atamwadhibu, na mzazi asiye na habari atamuunga mkono mwalimu. Habari njema ni kwamba sehemu ya hali hii hubadilika: fenilalanini ikishushwa, umakini na utulivu huweza kurejea baada ya majuma machache. Picha za ubongo zimeonyesha pia kwamba mabadiliko katika nyuzi za neva, yanayoonekana kwa wengi walioacha lishe, hupungua kwa kiasi mgonjwa anaporudi kwenye masharti. Kilichopotea katika miaka ya mwanzo hakirudi.

Kwa watu wazima picha ni tofauti kidogo. Ufuatiliaji wa waliokuwa watoto katika ule utafiti wa Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2002, ulionyesha kwamba walioacha lishe walikuwa na matatizo mengi zaidi ya akili, maumivu ya kichwa, ukurutu na pumu kuliko wale wachache walioendelea. Tafiti nyingine zimetaja wasiwasi, huzuni ya kudumu na hofu ya kutoka nje ya nyumba. Wachache hupata mitetemeko ya mikono au miguu inayokakamaa. Visa vya vijana wa aina hiyo viliripotiwa Uingereza mwaka wa 1990. Haki idumishwe hapa: si kila aliyeacha lishe huharibikiwa. Wapo watu wazima walioacha wakiwa vijana, wana kazi na familia, na wanaishi vyema. Miili hutofautiana katika kiasi cha fenilalanini kinachofika ubongoni. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo cha kawaida kinachoweza kumwambia mzazi wa mtoto wa miaka saba kwamba wake atakuwa miongoni mwa hao wenye bahati.

Hesabu ya jikoni

Mtoto mwenye PKU kali huruhusiwa miligramu 250 hadi 500 za fenilalanini kwa siku. Gramu moja ya protini ina takriban miligramu 50, kwa hiyo kipimo chake chote cha siku ni gramu tano hadi 10 za protini ya kawaida. Katika jikoni ya Mlima Kenya hesabu hiyo humalizika upesi. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu nane. Yai moja lina sita. Gramu 100 za unga wa mahindi zina saba hadi tisa, na ugali wa mtu mmoja huhitaji unga zaidi ya huo. Maharagwe makavu yana zaidi ya gramu 20 katika kila gramu 100, njahi vivyo hivyo. Sahani moja ya githeri, chakula cha mchana cha shule nyingi za eneo hili, inatosha kupita kipimo cha siku nzima.

Kinachobaki si kidogo kama inavyodhaniwa. Viazi vina gramu mbili hivi za protini kwa kila gramu 100, nduma na viazi vitamu pungufu ya hapo, mihogo na ndizi mbivu karibu gramu moja. Kabichi, karoti, malenge, parachichi, embe na papai, vyote vinavyojaa soko la Karatina, huingia katika lishe kwa kupimwa. Mukimo wa viazi na majani ya malenge, bila mahindi wala maharagwe, ni mlo ambao mtoto huyu anaweza kula pamoja na wengine, mradi mizani iwepo jikoni. Uji wa unga wa muhogo humfaa kuliko wa wimbi. Soda na pipi zisizo na sukari ni mtego, kwani kiungo cha utamu kiitwacho aspatame hutoa fenilalanini kinapoyeyushwa mwilini. Ndiyo maana lebo huwa na onyo.

Protini iliyobaki inayohitajiwa na mwili hutoka katika maziwa maalumu yenye asidi amino zote isipokuwa fenilalanini. Hayo hutengenezwa ng'ambo na ni ghali. Mtoto mchanga anaweza kuendelea kunyonya kwa kiasi huku akipewa maziwa hayo, kwa kuwa maziwa ya mama yana protini chini ya nusu ya ile ya maziwa ya ng'ombe. Desturi ya kumwonjesha mtoto maziwa ya ng'ombe mapema, iliyozoeleka katika boma zenye ng'ombe, ndiyo hatari.

Nyeri si ngeni kwa lishe ya masharti. Kaunti hiyo ilikuwa mojawapo ya nne zilizochaguliwa kwa majaribio ya mpango wa afya kwa wote uliozinduliwa Desemba 2018, na sababu ya kuchaguliwa ilikuwa wingi wa magonjwa yasiyoambukiza, kisukari kikiwemo. Familia nyingi zinajua maana ya kupima chakula cha baba au nyanya. Kumpimia mtoto ni kazi nyingine. Mgonjwa mzima wa kisukari akila vibaya huhisi. Mtoto wa PKU hahisi chochote.

Kulegeza nusu nusu

Ni mara chache familia huamua siku moja kuacha lishe. Mara nyingi masharti hulegea yenyewe. Mtoto akiwa na afya njema, jamaa huanza kuuliza ananyimwa nyama kwa nini. Shangazi humpa kipande kwenye sherehe ya ruracio, nyanya humpa kikombe cha maziwa kwa huruma, na Krismasi hupita na nyama choma. Kwa kuwa hakuna kinachotokea, kipande kinakuwa viwili. Mtoto akienda shule ya bweni, udhibiti huwa mikononi mwa mpishi mwenye sufuria moja kwa wanafunzi mia kadhaa.

Aina moja ya ulegezaji ina madhara yake ya pekee. Kijana huyachoka maziwa maalumu na kuyaacha, lakini kwa kuwa amekua bila nyama wala mayai hana hamu navyo, basi huishi kwa chipsi, mkate na matunda. Huyu hukosa pande zote mbili. Fenilalanini yake hupanda kwa ajili ya mkate, na wakati huo huo hupungukiwa na vitamini B12, madini ya chuma na protini ya kutosha, vitu alivyokuwa akivipata katika yale maziwa. Upungufu wa B12 wenyewe hudhuru neva na damu. Udhaifu wa mifupa pia umeonekana miongoni mwa wagonjwa wa PKU.

Kumnyima chakula mtoto ambaye fenilalanini yake imepanda si dawa. Mwili wenye njaa huvunja misuli yake, na misuli ni protini. Damu hujaa fenilalanini kutoka ndani. Jambo hilo hilo hutokea mtoto anapokuwa na homa, ndiyo maana siku za ugonjwa huhitaji vyakula vya nguvu visivyo na protini, kama vile sukari na mafuta, pamoja na maziwa yake maalumu.

Msichana anapokuwa mama

Sura ya mwisho ya kulegeza lishe haimpati mgonjwa, humpata mtoto wake. Wasichana waliookolewa na kipimo cha Guthrie na kisha kuruhusiwa kuacha lishe walifikia umri wa kuzaa katika miaka ya 1970 na 1980. Mwaka wa 1980, madaktari Roger Lenke na Harvey Levy walikusanya taarifa za mimba zaidi ya 500 kutoka nchi mbalimbali. Pale ambapo mama alikuwa na PKU kali isiyotibiwa, asilimia 92 ya watoto walikuwa na ulemavu wa akili, asilimia 73 walizaliwa na kichwa kidogo, na asilimia 12 walikuwa na kasoro za moyo. Wengi wa watoto hao hawakuwa na PKU. Walidhuriwa tumboni na damu ya mama.

Tangu mwaka wa 1984 utafiti wa mataifa kadhaa umethibitisha kwamba mama akishusha fenilalanini hadi chini ya mikromoli 360 kabla ya kushika mimba na kuidumisha hapo hadi kujifungua, mtoto huzaliwa salama kama wa mama mwingine. Kabla ya kushika mimba ndilo fungu la maneno lenye uzito. Moyo wa mtoto hujengeka katika majuma ambayo wasichana wengi hawajajua kama ni wajawazito. Kwa hiyo msichana wa PKU anapaswa kuelezwa haya mapema, kwa lugha asiyoionea haya, na mama au shangazi anayejua kwa nini.

Dawa na kadi ya damu

Tangu mwaka wa 2007 kuna dawa za kusaidia. Sapropterini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka huo, huongeza nguvu ya kimeng'enya kilichobaki, na hufaa sehemu tu ya wagonjwa, hasa wenye PKU nafuu. Pegvaliase, sindano ya kila siku iliyoidhinishwa mwaka wa 2018, huwawezesha baadhi ya watu wazima kula karibu kila kitu. Sepiapterini iliidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka wa 2025. Kwa wanaozipata na kuzimudu, dawa hizi ndiyo njia ya kwanza halali ya kulegeza lishe: chakula huongezwa kidogo kidogo, damu ikipimwa kila hatua.

Kwa Kenya hatua ya kwanza ni rahisi kuliko dawa hizo. Karatasi aliyoibuni Guthrie kwa ajili ya PKU inatumika nchini kila siku. Watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya Ukimwi hutolewa matone ya damu kisiginoni wakiwa na majuma sita, damu hukaushwa kwenye kadi, na kadi husafirishwa kutoka kliniki za mashambani hadi maabara kuu. Wauguzi wa Othaya, Mukurwe-ini na Kieni wanaijua kazi hiyo. Kadi kama hiyo, ikichukuliwa saa 24 hadi 72 baada ya kuzaliwa, inaweza kupimwa PKU, upungufu wa homoni ya tezi na magonjwa mengine kadhaa ya kuzaliwa nayo. Majuma sita ni kuchelewa, kwa kuwa tiba ya PKU inapaswa kuanza kabla ya siku 10. Hata hivyo mama wengi siku hizi hujifungulia hospitalini, na kisigino cha mtoto kipo pale kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.